Mnara wa Vortigern na Kasri la Dunga

Mfalme Vortigern wa Britania ya kale alitaka mnara wa kujifichia. Maadui walikuwa wamemwandama, akakimbilia milima ya Wales, akachagua mahali, akawakusanya waashi. Walichokijenga mchana, usiku kilimezwa na ardhi. Wakianza upya, yaleyale. Akawaita waganga wake wa ikulu awaulize kulikoni, nao wakamjibu kwa sauti moja: atafutwe kijana asiye na baba, achinjwe, damu yake inyunyizwe juu ya mawe na chokaa, hapo msingi utashika.

Kijana akapatikana, jina lake Merlin. Alipoambiwa alichoitiwa hakulia wala hakuomba asamehewe. Alitaka waganga waletwe mbele ya mfalme, akawauliza swali moja: chini ya msingi huu kuna nini? Wakanyamaza. Akamwambia mfalme aamuru watu wachimbe, watakuta dimbwi, na dimbwi hilo ndilo linalokataza mnara kusimama. Wakachimba, wakalikuta. Maji yakakaushwa, na chini yake mkawa na majoka mawili, moja jeupe na moja jekundu, yakaamka na kuanza kupigana. Mfalme akauliza maana yake. Merlin akamwambia neno ambalo hakuna mganga wa ikulu angethubutu kulitoa mdomoni: jekundu ni watu wako, jeupe ni Wasaksoni uliowakaribisha mwenyewe nchini. Kisha akamweleza na kifo chake kitakavyokuwa, cha moto.

Aliyeiandika hadithi hii ni Geoffrey wa Monmouth, kwa Kilatini, kiasi cha mwaka 1136, akichota kwenye masimulizi ya Wales yaliyomtangulia. Dunia nzima leo inamjua Merlin kwa ndevu ndefu na fimbo, mzee wa hekima aliyesimama ubavuni mwa Mfalme Arthur. Mimi naona hekima yake yote ilikwisha kuonekana siku ile ya mnara, angali kijana, shingo yake ikisubiri kisu.

Nimekuwa nikiifikiria hadithi hii kwa sababu sisi wa Unguja tuna mnara wetu. Anayetoka mjini kwenda Chwaka hupita Dunga, na hapo pana gofu la kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa Unguja, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Masimulizi yanasema wakati wa ujenzi watumwa walichinjwa na damu yao ikachanganywa na chokaa ili jengo lipate nguvu. Imeandikwa pia kwamba baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kisima kimoja cha hapo kilikutwa na mifupa ya watu.

Hata tukiichukua habari ya damu kuwa ni masimulizi tu, bado inatisha, kwa sababu inafanana neno kwa neno na ushauri aliopewa Vortigern. Watu wa Wales na watu wa Unguja, bahari na karne ngapi baina yao, wamesimulia mganga yuleyale: anaulizwa kwa nini ukuta hausimami, anajibu nani auawe. Tofauti ni kwamba Dunga hakutokea kijana wa kuuliza swali. Na damu haikusaidia kitu. Mwinyi Mkuu Muhammad alifariki 1865, mwanawe Ahmed akafariki 1873 kwa ndui, na ukoo wa watawala ukakatika hapo. Kasri likabaki kuta, miti ikaota ndani.

Mwinyi Mkuu mwenyewe tunamkumbuka kama mtu wa nguvu zisizo za kawaida. Inasimuliwa kwamba Sultan Seyyid Said alipomfunga, mvua ilikataa kunyesha miaka mitatu mpaka alipofunguliwa. Inasimuliwa kwamba ngoma zake zilikuwa zikilia zenyewe kuwatahadharisha watu na hatari. Ngoma hizo na siwa, pembe la utawala, zimehifadhiwa hadi leo. Nazipenda hadithi hizi na nataka watoto wetu wazijue. Linalonisikitisha ni kwamba tumehifadhi ngoma, siwa na ukame. Shauri lake hatukulihifadhi. Mtu mkubwa namna ile, watu wakimtii na kumwogopa, hakuachiwa katika midomo yetu hata neno moja la busara alilomwambia mtu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Tukimchukua mganga wa hadithi kuwa alama ya ushauri mwema, lazima tujue ni kitu gani kwake kinachofanya ushauri wake uwe mwema, maana wale waliotaka kumchinja nao walikuwa waganga, walikuwa na elimu ileile na kiti kilekile mbele ya mfalme. Wao walitoa ushauri usiopimika. Ukimwaga damu na mnara ukasimama, wameshinda. Ukianguka, watasema damu haikutosha, au huyo hakuwa yeye, atafutwe mwengine. Hakuna siku watakayoonekana wamekosea. Merlin alitoa ushauri unaopimika kwa jembe: chimbeni hapa, sasa hivi, mbele ya mfalme. Yakikosekana maji, nichinjwe. Aliweka shingo yake juu ya kauli yake, wenzake waliweka shingo ya mtoto wa mtu.

Mafundi wa chokaa wa Mji Mkongwe wanaijua tofauti hii kuliko wanasiasa wetu. Niliwahi kusimama kando nikimwangalia mmoja wao, mtu mzima, ameitwa na mwenye nyumba ya kulaza wageni. Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa umetoka madoa, rangi inabanduka kama magamba. Mwenye nyumba alitaka saruji juu yake na rangi mpya kabla ya msimu. Fundi hakugusa ndoo. Aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko, kutoka chini kwenda juu, akisikiliza wapi pana sauti ya utupu. Akapanda kiti, akachoma msumari kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Msumari ukazama wote bila ya nyundo. Akauliza choo cha juu kiko upande gani, na mlizamu wa dari unamwaga wapi.

"Bwana wangu," akasema, "huu ukuta unakunywa maji. Nikikupiga saruji nitakuwa nakuibia."

"Lakini fundi, mimi wageni wananijia mwezi ujao."

"Waje. Walale chumba chengine. Mimi niache kwanza nitafute maji yanatoka wapi."

Mwenye nyumba hakufurahi. Ila fundi alikuwa anasema kweli tupu. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Chokaa kinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji inaufungia ndani, boriti zinaoza pasipoonekana, na kwa nje ukuta unapendeza mpaka siku unapokuja chini.

Siku hiyo tuliiona. Beit el-Ajaib ya hapo Mji Mkongwe, aliyoijenga Sultan Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa ikitoa ishara miaka mingi. Sehemu ya jengo ilianguka mwaka 2012. Mwaka 2014 jumba liliingizwa kwenye orodha ya dunia ya majengo yaliyo hatarini inayotolewa na World Monuments Fund. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea kwa ufadhili wa Oman, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Sisemi kwamba hapakuwa na wataalamu. Walikuwepo, na walisema. Nasema kwamba baina ya siku jengo lilipoanza kutuambia na siku lilipoanguka tulikuwa na miaka minane, na kwa nchi ambayo mji wake umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, miaka minane ya kuisikia sauti ya utupu bila kuifuata mpaka mwisho wake ni mingi mno.

Sasa nije Pemba, kwa sababu haiwezekani kuandika habari za waganga ukaikwepa. Kisiwa kile kina jina la uganga pwani yote ya Afrika Mashariki. Watu wanatoka Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kwenda kutafuta huko wanachokikosa kwao. Wapo wanaolionea haya jina hilo, wanataka lisizungumzwe. Mimi silionei haya, ila nataka tuseme wazi kinachofanyika.

Mganga mzuri wa Pemba kazi yake kubwa ni kusikiliza. Anakuja mwenye duka, biashara imesimama miezi sita, ameshaamini kuna mkono wa mtu. Mganga anamtandikia jamvi, anachoma ubani, anapiga bao. Lakini mwangalie anavyouliza. Haulizi duka. Anamuuliza mamake yu hai? Mara ya mwisho amekwenda kumtazama lini? Ndugu waliorithi pamoja wanasemezana? Mke analala vizuri? Mwenye duka anaanza kwa kujibu neno moja moja, halafu anafunguka, halafu analia. Dawa itatolewa, kombe la zafarani litaandikwa kwenye sahani, atakunywa. Pamoja na kombe ataambiwa: mwanangu, nenda kamuangukie mamako, na lile shamba mlilodhulumiana na nduguyo, ligawaneni. Akifanya, mara nyingi anarudi na shukurani. Kilichomponya baina ya kombe na mama, kila mtu ataamua kwa imani yake. Mimi naona mganga huyu amemchimbisha mtu chini ya msingi wake mwenyewe.

Na yupo wa pili. Huyu haulizi. Anakutazama usoni na kukutajia jirani. Ni mwanamke, ana umri, nyumba yake iko upande wa kibla, mlango wake una rangi ya kijani. Umekwenda na duka lililofilisika, umerudi na adui. Kuanzia siku hiyo kila mbuzi akifa, kila mtoto akipata homa, mama wa watu anaangaliwa kwa jicho baya. Ni waganga wa Vortigern hawa, na wanatuzunguka.

Mwaka 1995 tuliona jambo hili linaweza kufika wapi. Hofu ya Popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba, ikavuka ikaja Unguja, watu wakalala nje ya nyumba zao makundi makundi, moto umewashwa, hakuna anayetaka kubaki peke yake ndani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi na nchi nzima ilikuwa na wasiwasi. Hofu ile ikatafuta mtu wa kuibeba, na huko Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili akauawa na umati. Kijana asiye na baba alipatikana. Mnara ukasimama? Haukusimama.

Haitoshi hata hivyo kumsifu Merlin na kuwalaani wengine, kwa sababu hadithi yake ina upande wa pili ambao wanaompenda huuruka. Akiwa mkubwa, alimgeuza sura Mfalme Uther ili aingie chumbani kwa mke wa mtu, na ndiko alikotoka Arthur. Hapo elimu ilikuwa imeshageuka mtumishi wa tamaa ya mfalme. Kisha, katika masimulizi ya Thomas Malory yaliyochapishwa mwaka 1485, Merlin anamwambia Arthur kwamba atakayemwangamiza amezaliwa siku ya kwanza ya Mei. Arthur anaamuru watoto wote wa mabwana waliozaliwa siku hiyo waletwe, wanatiwa chomboni, chombo kinapelekwa baharini, kinavunjika. Wengi wao wanakufa. Aliyekusudiwa, Mordred, anatupwa ufukweni hai, anaokotwa, analelewa, na ndiye aliyekuja kumaliza utawala wa Arthur.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na kila mara inanichoma. Yule kijana aliyenusurika kuchinjwa kwa neno la mganga amekua, amekuwa mganga, na neno lake limewapeleka watoto wa watu baharini. Nini kilichobadilika? Elimu yake iliongezeka. Kilichopungua ni watu wa kumuuliza. Kwenye mnara alikuwa mbele ya wapinzani wake, mbele ya waashi, kila mtu akitazama jembe linatoa nini. Kwa Arthur alikuwa akinong'ona sikio kwa sikio. Malory anasema mabwana wengi walimlaumu Merlin kuliko walivyomlaumu mfalme, na hilo nalo ni darasa kwa kila anayekaa karibu na kiti. Mwisho wake tunaujua: alijua kabisa kwamba mapenzi yake kwa binti aitwaye Nimue yatamfukia ardhini angali hai, akamwambia hata Arthur, na bado akamfuata. Wazee wetu walishasema, mganga hajigangi.

Ndiyo maana naona wazee wa Unguja Kusini walikuwa na akili kubwa katika jambo hili kuliko watunzi wa hadithi za Arthur. Vijiji vya Wahadimu vilikuwa na mvyale, mjuzi wa mizimu na ardhi, anayejua mahali gani pakatwe na pasikatwe, dua gani iombwe kabla ya kulima. Huyo ndiye Merlin wao. Lakini hakuachwa peke yake na masikio ya mtawala. Palikuwa na Watu Wanne, baraza la wazee wa kijiji. Neno linasemwa mbele za watu, linaulizwa, linazungushwa, linakubaliwa au linarudishwa.

Tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao wageni wengi huuona kama tamasha la kupiga picha tu. Asubuhi watu wanapigana kwa mabua ya migomba, hadharani, wenye kinyongo wakimaliza vinyongo vyao hapo hapo ili mwaka usianze navyo. Kisha mtu anaingia kwenye kibanda cha makuti, kibanda kinatiwa moto, naye anatoka upande wa pili anakimbia, mzima. Moshi unaangaliwa umeelekea wapi, na mwaka unasomwa. Mtu ameingia motoni na ametoka salama: jamii imetaka kafara, na ikakubaliana kwamba kafara lisimuue mtu. Sijui kama kuna ushauri mkubwa zaidi ambao uganga uliwahi kuutoa katika visiwa hivi.

Tuliobaki na serikali na vyama badala ya Watu Wanne, hali yetu ni ngumu zaidi. Tangu 1995 siasa za Zanzibar zimekuwa mnara wa Vortigern. Matokeo rasmi ya urais mwaka ule yalikuwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Nchi imegawika pande mbili karibu sawasawa, majoka mawili chini ya msingi mmoja, na juu yake tunajenga serikali ya upande mmoja na kushangaa inapotikisika. Muafaka wa vyama hivyo viwili ulitiwa saini 1999, ukamezwa. Januari 2001 watu wakauawa Pemba. Muafaka wa pili ukaja mwaka huohuo, nao ukadorora. Kila mara ukuta ulipoanguka walikuwepo washauri wa kusema nani afungwe, nani afukuzwe kazi, kisiwa gani kitiwe adabu.

Waliochimba walikuwa wachache. Baada ya Rais Amani Karume na Maalim Seif kukutana Novemba 2009, Kamati ya Maridhiano ya watu sita, watatu wa CCM na watatu wa CUF, iliongozwa na Mzee Hassan Nassor Moyo, kiongozi wa wafanyakazi kabla ya Mapinduzi ya 1964 na waziri baada yake. Hakuna aliyeweza kumwambia mzee yule kwamba hayajui Mapinduzi. Walichokisema ni rahisi kukieleza na kigumu kukisema ndani ya chama: pande zote mbili zipo, hazitoki, na msingi lazima uzibebe zote. Hawakutaka kuaminiwa kwa majina yao. Shauri lilipelekwa kwa wananchi kwenye kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, wakalikubali kwa asilimia 66.4, likaingia kwenye Katiba kwa Marekebisho ya Kumi. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa wa kwanza tulioumaliza bila ya kuogopana njiani.

Aprili 2015 Mzee Moyo alivuliwa uanachama wa CCM. Alikuwa mtu wa umri mkubwa, na kosa lake, kwa jinsi nilivyoliona mimi, lilikuwa kuendelea kusema hadharani alichokuwa akikisema siku zote. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo uchaguzi mkuu wa Zanzibar ukafutwa, marudio yakafanyika Machi 2016 bila ya CUF, na serikali ya umoja wa kitaifa, ya pande zote mbili, ikafa kwa miaka mitano. Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine wenye machungu, Rais Hussein Mwinyi na Maalim Seif walirudi kwenye vifungu vilevile vya Katiba vya mwaka 2010. Maji yalikuwa palepale walipoyaonesha wale wazee sita, na wanaomshauri Rais leo wana haki ya kuulizwa, kwa majina yao na mbele ya watu, wanamwambia achimbe wapi.